Mwana Kupona na Binti Yake: Wasia Uliorudi Chumbani Kwetu



Wazazi wengi tunamsomea mtoto angali mdogo. Akishajua kusoma mwenyewe tunamwachia kitabu chake na mambo yanaishia hapo. Na sisi tulifanya hivyo hivyo. Binti yetu alipofika miaka 14 tukagundua kwamba baada ya Isha hatuna la kuzungumza naye ila "umemaliza kazi za shule?" Ndipo tulipoukumbuka utendi wa Mwana Kupona, tukaanza kumsomea kila usiku beti tano au sita kabla ya kulala.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Mume wake alikuwa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu, mji mdogo uliokataa kutawaliwa na Sayyid Said wa Zanzibar. Katika miaka ya 1840 Sayyid alipeleka jeshi Siyu, na jeshi hilo likashindwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki Sayyid Said mwenyewe. Mjane akabaki na watoto wawili, Mwana Hashima na ndugu yake Muhammad.

Katika mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, mama huyu alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Akamwita Mwana Hashima aje na wino na karatasi, akae karibu, kwani moyoni ana la kumwambia. Tufahamu kwamba Mwana Hashima hakuwa mtoto wa kubembelezwa. Alikuwa msichana mkubwa, na mama alijua kwamba siku zake ni chache. Yakatoka hapo beti 102. Baadaye Mwana Kupona akafariki, Allah amrehemu.

Kiswahili cha Amu si chetu sisi wa Bujumbura. Usiku wa kwanza tulipofika kwenye neno "ndoo" binti alicheka sana: mama mgonjwa anataka ndoo ya nini? Tukamweleza kwamba kwa Kiamu ndiyo "njoo". Basi akaanza kuwinda maneno mwenyewe. Na kwa kuwa kila ubeti unaishia kwa kina cha "ya", alikuwa akikisia neno la mwisho kabla hatujalisoma. Mara nyingi alipata.

Mama wa Siyu anaanza na dini, kisha adabu ya ulimi, kisha anazitaja radhi tano: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Hapo kwenye mume tulikwama usiku tatu. Binti aliuliza kwa nini mambo ni mengi hivyo juu ya mke, na mbona Muhammad hakuandikiwa wasia wake. Hatukuwa na jibu. Wako wasomi wanaoulaumu utendi huu kwa jambo hilo hilo, na wako wanaosema kwamba mama alikuwa akimpa bintiye akili ya kuishi katika nyumba za zama zile. Tulimwambia yote mawili. Mama yake akamsimulia pia mambo ya ndoa yetu ambayo hakuwahi kuyasikia, mengine ya kuchekesha, mengine hapana.

Kisha tukafika mahali ambapo Mwana Kupona anaacha kuusia na kumkumbuka mumewe: walivyoishi kwa furaha, na jinsi alivyokuwa radhi naye hadi mauti yalipomfika. Binti alinyamaza. Akasema, "Kumbe alikuwa anamlilia baba yake Hashima."

Sehemu kubwa ya mwisho ni dua, anawaombea watoto wake na jamaa zake. Tulizisoma beti hizo polepole, kwa usiku mbili. Usiku wa pili tulipofunga kitabu, binti aliuliza tutasoma nini kesho.