Chuku ya Idadi: Kutoka Kikwi hadi Zilioni, na Hesabu ya Tsavo

1.0 Utangulizi

Msafiri aliyengoja gari kwa saa moja katika kituo cha Voi huweza kulalamika kwamba amekaa hapo "saa mia", na kwamba ameuliza "mara elfu" bila kujibiwa. Mwenzake hucheka, wala hamwiti mwongo. Wote wawili wanaijua hesabu ya kweli, na kicheko chatokana na ujuzi huo wa pamoja. Katika vitabu vingi vya fasihi, matumizi ya namna hii hutajwa chini ya chuku, hutolewa mfano mmoja au miwili, kisha mjadala ukaelekea kwenye tamathali nyingine. Makala haya yanashikilia kwamba chuku ya idadi ina historia yake, na kwamba historia ya Taita Taveta inatuonyesha mpaka uliopo kati ya idadi inayochekesha na idadi inayoficha.

2.0 Maneno ya Idadi na Historia Yake

Kiswahili cha kale kilikuwa na neno kikwi, yaani elfu. Neno elfu, lenye asili ya Kiarabu, lilipotawala hesabu za biashara, kikwi halikutoweka mara moja; lilisalia kama neno la wingi mkubwa usiohitaji kuhesabiwa. Laki, yaani 100,000, lina asili ya Kihindi, nalo ni zao la biashara ya Bahari ya Hindi. Milioni na bilioni yakafuata kutoka lugha za Ulaya. Kila tabaka la maneno haya lina alama ya soko lililolileta.

Hata hivyo, neno la chuku halina budi kuwa nje ya mfuko wa msemaji. Nchini Kenya, mfumuko wa bei ulipita asilimia 40 mwaka 1993. Katika miaka hiyo noti ya shilingi 500 ilibandikwa mitaani jina la jirongo, kutokana na Cyrus Jirongo, kiongozi wa Youth for KANU '92, kundi lililohusishwa na fedha nyingi zilizomwagwa katika uchaguzi wa 1992. Jina la mtu likawa jina la kiasi, na kejeli ikaingia katika hesabu za kila siku. Elfu nayo, ambayo vijana huiita ngiri kutoka Kikuyu, ilipozidi kuwa fedha ya matumizi ya kawaida, nguvu yake ya kushangaza ilipungua. Mwenye kutaka kushangaza hupanda hadi milioni, bilioni, na hatimaye zilioni, neno lililotoka katika Kiingereza cha Marekani na lisilo na thamani yoyote katika hesabu. Kikwi lilikuwa idadi kabla ya kuwa chuku. Zilioni lilizaliwa likiwa chuku.

3.0 Hesabu ya Tsavo

Chuku hizi zote hazina madhara makubwa, kwa kuwa msikilizaji ana uwezo wa kuzirekebisha. Hali hubadilika pale ambapo hesabu ya kweli haikuwekwa. Mfano ulio wazi uko kaskazini-magharibi mwa Voi, penye daraja la reli la Mto Tsavo. Kati ya Machi na Desemba 1898, simba wawili waliwashambulia wajenzi wa Reli ya Uganda hadi kazi ikasimama kwa muda. J. H. Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao, alichapisha kitabu chake mwaka 1907. Humo Wahindi waliouawa wana idadi kamili, yaani 28. Waafrika hawana idadi. Wanatajwa kwa neno la wingi tu, makumi, kwa sababu hapakuwa na kumbukumbu rasmi ya vifo vyao.

Mwaka 1925, katika kijitabu cha jumba la makumbusho la Chicago lililowanunua simba hao, Patterson alitaja jumla ya watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi waliochunguza kemikali za mifupa na nywele za simba hao walikadiria kwamba waliliwa takriban watu 35. Ni kweli kwamba kipimo hiki ni cha walioliwa, wala si cha wote waliouawa. Kwa hiyo hakifungi mjadala. Lakini hakuna kipimo cha maabara kitakachorejesha majina. Idadi ya 135 ilimkuza simba na mwindaji wake. Haikumwongezea marehemu yeyote kumbukumbu.

4.0 Hitimisho

Tofauti kati ya msafiri wa Voi na mwandishi wa Tsavo haimo katika ukubwa wa chumvi waliyotia. Imo katika uhusiano wa msemaji na hadhira yake. Msafiri huzungumza na mtu anayeijua saa. Mwandishi alizungumza na wasomaji wa mbali, juu ya watu ambao hakuna aliyewahesabu. Kwa hiyo mhakiki akutanapo na elfu, laki au makumi katika matini, haitoshi kuandika pambizoni neno "chuku". Amuulize pia mwandishi: ni nani aliyeijua hesabu ya kweli, na kama hapakuwa naye, ni akina nani waliozikwa chini ya neno hilo?