Aliyechoka Kariakoo Aende Wapi?

Jina la Kariakoo tunalitaja kila siku, ndani ya daladala na katika ugomvi wa bei, lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa ni jina la watu waliochoshwa na kazi hadi kufa. Asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na hapa penye soko ndipo walipoweka kambi ya wapagazi wao. Ndimi za wenyeji zikalilainisha jina, likawa Kariakoo.

Wapagazi hao walibeba risasi, unga na majeruhi, kwa miguu, katika mvua na matope, hadi Rufiji na ng'ambo ya Ruvuma. Wanahistoria wanakadiria kuwa upande wa Waingereza peke yake ulichukua wapagazi wapatao milioni moja, na kwamba waliokufa ni karibu laki moja. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, kichomi na njaa. Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwonyesha askari na bunduki yake, ilhali mpagazi yuko chini yake tu, kwenye msingi. Wenzetu wa Nairobi angalau wamemchongea sanamu yake.

Sasa tazama jambo hili. Katika vita hiyohiyo, kule Ulaya, madaktari waliona askari wasio na jeraha lolote wakitetemeka, wakipoteza usingizi, wengine wakiwa bubu. Daktari Charles Myers aliandika habari zao mwaka 1915, na Uingereza ikafungua hospitali maalumu za kuwatibu. Hata huku makoloni daktari wa serikali alikuwa na jina la kitaalamu la ofisa mzungu aliyeanza kusahau mambo na kukasirika ovyo: aliambiwa kuwa mishipa yake ya fahamu imechoshwa na jua la tropiki. Dawa yake ilikuwa mapumziko, ama Lushoto kwenye baridi, ama meli ya kurudi kwao. Likizo ndefu ya nyumbani, kila baada ya miaka miwili au mitatu hivi, ilikuwa haki ya kazi yake. Mwafrika aliyeonyesha dalili zizo hizo aliitwa mvivu.

Mimi naona neno hilo ndilo lililotuletea madhara makubwa, kwa maana tulilirithi pamoja na ofisi. Mabosi wangapi leo, weusi kama sisi, wakimwona karani hana raha na kazi husema ana uzembe?

Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kusemea uchovu, watu walisema kwa mgomo. Vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukaenea hadi reli na miji ya bara. Walidai mshahara, na wakaongezewa. Baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971 ilikuja migomo ya namna nyingine viwandani. Profesa Issa Shivji ameandika jinsi wafanyakazi walivyoacha mashine si kwa ajili ya shilingi tu, bali kwa ajili ya matusi na ubabe wa mameneja. Ukiisoma historia hiyo kwa macho ya leo, unaona watu waliokuwa wakilalamikia jambo ambalo sasa lina wataalamu wake.

Na hospitali je? Tangu miaka ya 1920 tulikuwa na Mirembe, Dodoma, nayo ikageuka kuwa tusi. Ukimwambia mtu wa Gerezani kuwa anafaa kwenda Mirembe, jiandae kwa ngumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Wadenmark, ilijaribu huko Morogoro na Kilimanjaro kupeleka huduma ya afya ya akili hadi zahanati za kawaida. Ilikuwa fikra njema sana. Lakini kwa mtu wa mjini aibu ilibaki palepale.

Aliyekuja kutufundisha ushauri nasaha, cha ajabu, ni UKIMWI. Mwaka 1989 mwalimu wa ustawi wa jamii, Theresa Kaijage, alianzisha WAMATA hapa Dar es Salaam. Watu wakajua kuwa unaweza kuketi na mtu aliyefunzwa, mlango umefungwa, ukasema yote, na siri isitoke. Hakuna sindano, hakuna hirizi. Kabla ya hapo mkazi wa Kariakoo mwenye mzigo moyoni alikuwa na shehe, padri, mganga au baa, na huyo wa mwisho alikuwa na wateja wengi mno.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi uchovu uletwao na kazi: nguvu kuisha, kuichukia kazi yenyewe, na ufanisi kushuka. Halikuuita ugonjwa. Liliuita hali itokanayo na msongo wa kazini usioshughulikiwa, na hapo mzigo unamrudia mwajiri pia. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari. Mfanyakazi anayeuza likizo yake kila mwaka kwa ajili ya ada za shule najua ana sababu, ila ajue anauza nini.

Lakini sheria hiyo inamhusu mwenye mwajiri. Mmachinga wa Mtaa wa Kongo hana mwajiri. Mpagazi wa mkokoteni hana siku 28. Mwaka 2021 soko liliungua; Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka likaua watu zaidi ya 20, na majirani zao wa biashara ndio waliochimbua kifusi kwa mikono. Mwaka 2025 ukazinduliwa mpango wa biashara saa 24. Waliosikia sauti chini ya zege walirudi kufungua maduka.

Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na mtu anaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Amana, Temeke au Mwananyamala, akamweleza daktari kwamba halali na kazi imemshinda, akaomba apelekwe kwa mshauri. Jumuiya ya wafanyabiashara wa Kariakoo nayo ina nguvu: Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka hadi Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza kuhusu kodi na stoo. Chumba kimoja karibu na soko, chenye mshauri aliyesomea, kingegharimu kidogo kuliko siku moja ya maduka kufungwa.