Mazoezi ya Manusura wa Saratani Walio Mbali na Miji

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtu aliyemaliza tiba ya saratani aliagizwa kupumzika, na mwanamke aliyekatwa titi pamoja na tezi za kwapani alionywa asibebe mzigo, kwa hofu ya uvimbe wa limfu, yaani kufura kwa mkono kunakotokana na majimaji kukosa njia ya kupita. Onyo hilo, ingawa lilitolewa kwa nia njema, halikuwa na ushahidi wa kutosha, na lilimbana zaidi mwanamke wa shamba, ambaye riziki yake yote hupitia mikononi.

Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, wauguzi watafiti Mary MacVicar na Maryl Winningham waliwapa mazoezi ya baiskeli za ndani wanawake waliokuwa wakipewa tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, na mwaka 1989 wakaonyesha kwamba nguvu za wagonjwa hao ziliongezeka. Mwaka 1996, huko Vancouver, daktari Don McKenzie aliwaingiza wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi katika mashua ya mashindano ya makasia, kazi iliyokuwa imekatazwa hasa, na uvimbe uliotabiriwa haukutokea. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walithibitisha kwamba hata kunyanyua vyuma, uzito ukiongezwa kidogo kidogo, hakuzidishi uvimbe.

Hata hivyo, maarifa hayo yalizaliwa mjini na yakabaki mjini, karibu na hospitali kubwa na kumbi za mazoezi, huku aliyeishi mbali akirudi kwao bila mtu wa kumwongoza. Ndiyo maana utafiti uliofanywa Queensland, Australia, na Elizabeth Eakin, Sandra Hayes na wenzao, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012, unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa kwa kawaida: wanawake 143 wanaoishi nje ya miji mikubwa walishiriki, na waliopangiwa programu walipigiwa simu mara 16 katika miezi 8 na mtaalamu wa mazoezi, wakajenga desturi ya kutembea na kuimarisha misuli katika mazingira yao wenyewe. Chombo cha kuwafikia kilikuwa simu ya kawaida.

Kuanzia mwaka 2020, mradi wa EXCEL ulioongozwa na Nicole Culos-Reed wa Chuo Kikuu cha Calgary umewalenga waziwazi Wakanada wa vijijini, kwa madarasa ya video na kwa kuwafunza wakufunzi wa maeneo hayo. Uzito wa kazi hiyo uliongezeka mwaka 2025, pale jaribio la CHALLENGE, lililohusisha wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, lilipoonyesha kwamba mazoezi yenye mpangilio baada ya tibakemia hupunguza kurudi kwa ugonjwa. Lakini mazoezi hayo yalidumu miaka 3 chini ya uangalizi wa mshauri, na mkazi wa mbali hawezi kuupata uangalizi huo bila simu, intaneti au mkufunzi wa jirani.