Tanuri la Chuma la Karagwe na Ualimu wa Kemia

Katika nchi ya Karagwe, ambamo Kibingo imo, mawe ya chuma yalichomwa tanurini zamani kabla ya kuja kwa shule. Miongoni mwa vyombo vya enzi vya Mukama Rumanyika, aliyempokea Speke mwaka 1861, zilikuwamo nyundo na sanamu za ng'ombe za chuma.

Kazi ya tanuri ni kemia. Makaa yakiungua katika hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo huyanyang'anya mawe oksijeni yake, na chuma hubaki. Mwalimu mwanafunzi hufundishwa jambo hilo hilo kwa Kiingereza, naye huliona gumu.

Ugumu mwingine watokana na neno. Jina la Kizungu la tendo hili latoka katika Kilatini, nalo maana yake ni kurudisha: madini hurudishwa kuwa metali. Anayelifasiri kwa "kupunguza" humkwaza mwanafunzi, kwani atomu inayotendwa hivyo huongezewa elektroni.

Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi mwaka 1967, bali sekondari zilibaki na Kiingereza. Mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Basi istilahi hazikukosekana kabisa. Kilichopungua ni kuziunganisha na ujuzi wa wahunzi. Mwalimu aanzaye na tanuri, kisha elektroni, hufuata njia ambayo elimu yenyewe iliipita.