Taa ya Chokaa: Joseph Perry na Idara ya Picha ya Jeshi la Wokovu

Wengi wetu tuliozaliwa miaka ya 1970 na 1980 tumeona nyimbo za kwaya zikihama kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye VCD, kisha DVD, na sasa ziko kwenye simu. Kila zinapohama, mashine zilizonunuliwa kwa harambee hubaki stoo, na kijana aliyejifunza kuhariri picha huambiwa kwamba ujuzi wake umepitwa na wakati. Ndipo swali linaporudi mbele ya baraza la wazee: kijana huyu anayesema ameitwa kumtumikia Mungu kwa kamera, ameitwa kweli, au ameipenda tu kamera?

Swali hilo halikuanzia kwetu. Tulifuate hadi Melbourne, Australia, zaidi ya miaka 120 iliyopita, kwa sababu huko lilijibiwa mara mbili, kwa majibu yanayopingana, na mtu aliyejibiwa ni yule yule.

Joseph Perry alikuwa afisa wa Jeshi la Wokovu. Alitumika katika mji wa Ballarat, kwenye nyumba ya kuwapokea watu waliotoka gerezani, na pale alikuwa pia akipiga picha. Mwaka 1891 aliitwa Melbourne kutengeneza picha za kuitangaza ziara ya Jenerali William Booth, mwanzilishi wa Jeshi hilo. Kazi ikapendeza, na mwaka 1892 ikawa idara kamili yenye jina la Limelight, yaani mwanga wa chokaa. Jina lilitokana na taa yenyewe: kipande cha chokaa kilichomwa kwa moto wa gesi ya oksijeni na haidrojeni hadi kikatoa mwanga mkali, na mwanga huo ukapitishwa kwenye picha zilizo juu ya vioo mpaka zikaonekana kubwa ukutani. Mafundi wake walisafiri na gesi hiyo ya hatari wakihubiri mji kwa mji, jambo ambalo sisi tunaolalamikia kukatika kwa umeme tunapaswa kulikumbuka.

Mwishoni mwa 1895 ndugu Lumière walionyesha sinema yao Paris. Mwaka uliofuata Herbert Booth, mtoto wa Jenerali, alifika Australia kuwa kamanda, naye hakuiogopa mashine mpya. Kufikia 1897 Perry alikuwa akipiga picha zinazotembea. Tunaona hapa jambo la kuzingatia: hakutupa vioo vyake. Tarehe 13 Septemba 1900, katika ukumbi wa mji wa Melbourne, lilionyeshwa kwa mara ya kwanza onyesho la Askari wa Msalaba, kuhusu wafia dini wa kanisa la kwanza. Lilikuwa na filamu fupi kama 15, zenye urefu wa dakika moja hivi kila moja, pamoja na picha za vioo zipatazo 200, muziki, na hotuba ya Booth mwenyewe iliyoziunganisha zote. Sehemu ya picha hizo ilipigwa kwenye kiwanja cha tenisi cha nyumba ya wasichana ya Jeshi huko Murrumbeena, mbele ya mapazia yaliyochorwa majengo ya Kirumi. Waigizaji walikuwa watumishi wa Jeshi wenyewe. Na lengo halikuwa burudani: Booth alitaka vijana wajitoe kwenda kusomea uafisa.

Tarehe 1 Januari 1901, makoloni ya Australia yalipoungana kuwa taifa moja, serikali ya New South Wales iliwataka watu wa Perry wairekodi sherehe hiyo mjini Sydney. Hapa baadhi yetu tungeanza kukunja uso. Idara iliyoanza kwa ajili ya Injili sasa inapokea kazi za serikali? Kwa maoni yetu hapakuwa na ubaya. Fundi seremala anayetengeneza mimbari hakatazwi kutengeneza madawati ya shule, na Luther alifundisha kwamba kazi ya mikono ya Mkristo ni wito uleule hata nje ya kuta za kanisa.

Booth aliondoka mwaka 1902, akaenda Marekani na filamu za Askari wa Msalaba. Perry alibaki akaendelea, na idara yake kwa jumla ilitengeneza filamu zipatazo 300. Mwaka 1909 akaja kamanda mwingine, James Hay. Wakati huo sinema ilikuwa imekwisha kuwa biashara ya mitaani, na Hay aliona kwamba inawafanya askari wa wokovu kuwa wepesi wa kiroho. Kufikia 1910 idara ilikuwa imefungwa. Perry alitoka Jeshini, akaendelea na kazi ya filamu katika kampuni za biashara.

Hatukubaliani na Hay, ila wasiwasi wake haukuwa wa kijinga. Mchungaji yeyote aliyeona washarika wakijaa siku ya onyesho na viti vikibaki vitupu siku ya sala anamwelewa. Tatizo ni kwamba aliufunga mlango wakati ule hasa ambapo watu wengi walikuwa wakiingia kwenye majumba ya sinema, na yule ambaye angeweza kuwafuata huko kwa imani akaondoka bila kutumwa na mtu.

Hata nchini kwetu jambo hili lina historia. Kati ya 1935 na 1937, kwa mpango wa Baraza la Kimataifa la Misheni na fedha za shirika la Carnegie, filamu 35 zilitengenezwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, kuhusu afya, kilimo na mambo kama hayo, sauti zake zikiwa kwenye sahani za santuri. Waliozisimamia walikuwa Wazungu, Waafrika wakiigiza. Fedha zilipokwisha, kazi ilikoma.

Filamu za Askari wa Msalaba hazipo tena. Zilizobaki ni baadhi ya zile picha za vioo, ambazo mwaka 1900 tayari zilikuwa teknolojia ya zamani.