Fuwele za nano zapunguza gharama ya kunasa miali ya infraredi

JICHO la mwanadamu huona mwanga wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Miali ya infraredi, iliyogunduliwa na William Herschel nchini Uingereza mwaka wa 1800, ina mawimbi marefu kuliko hayo, hivyo haionekani kwa macho. Hata hivyo, hufichua mengi. Maji hufyonza sana mawimbi ya takriban nanomita 1,450, na kwa sababu hiyo unyevu ulio ndani ya nafaka unaweza kupimwa bila kuiponda.

Kikwazo ni gharama. Silikoni inayotumika katika kamera za simu hainasi mawimbi yanayozidi nanomita 1,100 hivi. Kwa mawimbi marefu zaidi, watengenezaji hutumia mchanganyiko wa indiamu, galiamu na aseniki. Fuwele yake hukuzwa juu ya kisahani cha bei ghali, kisha huunganishwa na chipu ya silikoni nukta kwa nukta. Ndiyo maana kamera moja hugharimu maelfu ya dola.

Fuwele za nano hupitia njia nyingine. Madini ya risasi na salfa huchanganywa katika kimiminika chenye joto, na humo huzaliwa chembe zenye upana wa nanomita chache tu. Kadiri chembe inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyonasa mawimbi marefu zaidi. Kimiminika hicho hupakwa moja kwa moja juu ya chipu kama wino, kikakauka.

Chembe hizo huvikwa asidi ya mafuta ili zisigandamane, lakini vazi hilo huzuia umeme kupita. Kwa hivyo, hubadilishwa kwa molekuli fupi.

Mwaka wa 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walionyesha kwamba vigunduzi vya aina hii vinaweza kuwa na wepesi mkubwa wa kuhisi. Mwaka wa 2011, wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walitumia zebaki na teluriamu kufikia nanomita 5,000. Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov, waasisi wa taaluma ya chembe hizi, walituzwa Nobeli ya Kemia mwaka wa 2023.

Changamoto zingalipo. Hewa huharibu chembe hizo zisipofunikwa vyema, nayo risasi na zebaki ni sumu. Watafiti sasa wanajaribu teluraidi ya fedha na aseniki ya indiamu badala yake.

Manufaa yake si ya maabara pekee. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, ambayo hutokana na kuvu wanaositawi katika nafaka isiyokauka. Kipimo cha unyevu kilicho rahisi na cha bei nafuu kingemwezesha mkulima kujua hatari hiyo kabla ya kufunga gunia.