Viza ya kipaji na viza ya mwajiri: Haki za mtaalamu anayekwenda kufanya kazi ng'ambo

KATIKA maboma mengi ya Mikinduri, upande wa Tigania katika Kaunti ya Meru, safari ya ng'ambo huanza kwa barua ya kazi. Binti aliyehitimu uuguzi katika vyuo vya hospitali za misheni za Maua, Nkubu au Chogoria, ama kijana aliyesomea kompyuta pale Nchiru katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, huiweka barua hiyo mezani, jamaa wakaisoma kwa zamu, na kila jicho likatua kwenye mstari wa mshahara. Siku chache baadaye ng'ombe ameuzwa, mkopo wa chama cha akiba umeombwa, na bonasi ya majani chai ya mwaka ujao imekwisha kutengewa nauli.

Mstari ambao ni nadra kusomwa ni ule unaotaja aina ya viza. Ilhali huo ndio utakaoamua iwapo msafiri, siku atakapokosana na bosi wake, ataweza kuvuka barabara na kuomba kazi kwingine, au ataanza kuhesabiwa siku za kuondoka nchini.

Mataifa tajiri huwapokea wenye ujuzi kwa njia mbili kuu. Katika ya kwanza, ruhusa ya kufanya kazi hupewa mtu mwenyewe kwa sababu ya kipaji au elimu yake, naye huenda nayo popote. Katika ya pili, ruhusa hiyo hufungamana na mwajiri aliyemdhamini. Mawakala wa ajira aghalabu huziita zote mbili "viza za wataalamu", na hapo ndipo watu wengi hupotea njia.

Mfano ulio wazi zaidi ni Uingereza, nchi ambayo mnamo Juni 2014 ilipiga marufuku miraa ya Meru lakini ikaendelea kuwahitaji wauguzi wa Meru.

Viza yake ya vipaji, iitwayo Global Talent, ilianza Februari 20, 2020. Hutolewa kwa viongozi, au wanaoonyesha dalili za kuwa viongozi, katika sayansi na utafiti, sanaa na utamaduni, na teknolojia ya dijitali. Kabla ya kuiomba, mtu huhitaji kuidhinishwa na taasisi iliyoteuliwa, kama vile Royal Society kwa wanasayansi au Arts Council England kwa wasanii. Washindi wa tuzo chache kubwa zilizoorodheshwa, Nobel ikiwemo, husamehewa hatua hiyo.

Aliye na viza hii hahitaji mwajiri wa kumdhamini wala kiwango cha chini cha mshahara. Anaweza kuajiriwa, kujiajiri, kuwa mkurugenzi wa kampuni yake, au kuyafanya yote hayo kwa pamoja. Akiacha kazi Ijumaa na kuanza nyingine Jumatatu, halazimiki kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani. Anaweza kuandamana na mwenzi wake wa ndoa na watoto wao walio chini ya miaka 18. Viza yenyewe hutolewa kwa kipindi kisichozidi miaka 5 na huweza kuongezwa. Ukaazi wa kudumu huombwa baada ya miaka 3 au 5, kutegemea fani na aina ya uidhinisho.

Uhuru huo una gharama. Tangu Februari 6, 2024, ada ya huduma za afya kwa wahamiaji wazima ni pauni 1,035 kwa mwaka, na aghalabu hulipwa kwa mkupuo kabla ya safari. Kwa viza ya miaka 5 hiyo ni pauni 5,175 kwa mtu mmoja. Muuguzi aliye kwenye viza ya afya hailipi, na mawakala hawachoki kumkumbusha jambo hilo.

Viza hiyo ya afya ilianzishwa Agosti 2020, nayo ni tawi la viza ya wafanyakazi wenye ujuzi iitwayo Skilled Worker. Hii ndiyo njia ipitwayo na wauguzi wetu walio wengi. Sharti lake la msingi ni kwamba mwajiri awe na leseni ya udhamini na ampe mwajiriwa cheti cha udhamini kinachotaja kazi na mshahara. Mtu huruhusiwa kuifanya kazi hiyo, kwa mwajiri huyo.

Je, anaweza kuhama? Ndiyo, ila kwa taratibu. Huhitaji kwanza kupata mwajiri mwingine mwenye leseni, apewe cheti kipya, kisha aombe upya na kusubiri jibu kabla ya kuanza kazi mpya. Akiiacha ya kwanza mapema kwa hasira, amejiweka hatarini. Anachoruhusiwa bila kuomba upya ni kazi ya ziada isiyozidi saa 20 kwa wiki, nje ya saa zake za kawaida, almuradi kazi hiyo ni miongoni mwa zinazokubaliwa na viza yake na bado anaifanya ile iliyompeleka huko.

Kazi ikikatika, mwajiri ana siku 10 za kazi za kuiarifu wizara. Kwa kawaida wizara humwandikia mhusika kwamba viza yake imefupishwa na kubakia siku 60, au chache kuliko hizo ikiwa viza ilikuwa karibu kwisha. Katika siku hizo hutakiwa kupata mdhamini mwingine, kubadilisha viza au kuondoka. Ni vyema ieleweke kwamba siku hizo 60 huhesabiwa kutokana na uamuzi wa wizara, wala si tangu jioni ile mtu alipoambiwa asirudi kazini. Wako waliofunga virago bila sababu kwa kutojua tofauti hiyo.

Udhaifu wa mpango huu ulidhihirika katika sekta ya kuwatunza wazee na wagonjwa majumbani, ambayo ilifunguliwa kwa wageni mnamo Februari 15, 2022. Kampuni nyingi zilipata leseni bila kuwa na kazi za kutosha. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ya Uingereza ilifuta zaidi ya leseni 470 za udhamini katika sekta hiyo. Kwa mujibu wa takwimu zake yenyewe, wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusishwa na kampuni hizo tangu Oktoba 2020. Kosa lilikuwa la mdhamini, lakini aliyeanza kuhesabiwa siku ni mfanyakazi.

Tangu Machi 11, 2024, wahudumu wa kazi hiyo waliokuwa wakiomba viza upya hawakuruhusiwa kuandamana na jamaa zao, na Julai 22, 2025, mlango wa kuwaajiri kutoka ng'ambo ukafungwa kabisa. Waliokuwa tayari ndani waliachiwa, kwa masharti, muda wa mpito wa kubadili waajiri. Kwa hiyo yeyote anayeuza leo "nafasi ya utunzaji wa wazee Uingereza" pale sokoni Mikinduri au mjini Maua anauza hewa. Wauguzi waliosajiliwa hawakufungiwa mlango huo.

Hata ukaazi wa kudumu, ambao kwa muda mrefu umeombwa baada ya miaka 5 ya viza ya ujuzi, umetiliwa shaka. Mnamo Mei 2025 serikali hiyo ilichapisha waraka wa sera wenye kusudio la kuifanya miaka 10 kwa wahamiaji walio wengi, na Novemba mwaka huo ikaanza kukusanya maoni kuhusu utaratibu wenyewe. Anayepanga maisha kwa hesabu ya miaka 5 na aulize upya.

Hata hivyo, kufungamana na mwajiri si sawa na kuwa mali yake. Aliye na viza ya ujuzi ana haki ya kulipwa kima cha chini cha mshahara, likizo ya malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kuwasilisha malalamiko katika mahakama ya kazi, kama raia. Kwa vyeti vilivyotolewa tangu Desemba 31, 2024, mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama ya leseni ya udhamini wala ya cheti. Pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya. Bosi hana ruhusa ya kuifungia kabatini.

Kuna pia kifungo kisichoandikwa kwenye viza, nacho ni kipengele cha mkataba kinachomdai mfanyakazi arudishe gharama za kumleta akiondoka mapema. Uingereza haijakipiga marufuku, lakini mwongozo wake wa uajiri wa wahudumu wa afya unataka kiwe wazi tangu mwanzo, kiwe cha haki, na deni lipungue kadiri muda wa utumishi unavyosonga. Mwongozo huo huo unakataza mawakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumpatia ajira.

Marekani kipengele hicho ndicho hatari kubwa zaidi kwa wauguzi. Wengi wao huingia kwa viza ya wahamiaji, wakawa wakaazi wa kudumu tangu siku ya kutua, hivyo sheria ya uhamiaji haiwafungi kama ya Uingereza. Kinachowafunga ni faini ya mkataba. Mnamo 2019 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kwamba faini ya hadi dola 25,000 waliyowekewa wauguzi kutoka Ufilipino na waajiri wao ilivunja sheria ya kuzuia ulanguzi wa watu. Wanaotia saini mikataba ya namna hiyo Nairobi wangefaa kuijua kesi hiyo.

Ajabu ya Marekani ni kwamba hata viza yake ya watu wenye kipaji cha kipekee, O-1, hufungamana na aliyeiomba kwa niaba ya mfanyakazi. Mwenye viza ya H-1B ana nafuu kidogo, kwani kwa sheria ya mwaka 2000 anaweza kuanza kazi mpya mara tu mwajiri mpya anapowasilisha ombi. Wote wawili hupewa hadi siku 60 kazi ikikatika.

Ujerumani, iliyotia saini mkataba wa uhamiaji na Kenya mjini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, imechukua njia ya kati. Mwenye Blue Card ya Umoja wa Ulaya hutakiwa kuwaarifu maafisa akibadili kazi katika miezi 12 ya kwanza. Baada ya hapo yuko huru. Iko pia kadi ya kutafuta kazi, iliyoanza Juni 2024, inayompa mwenye ujuzi mwaka mmoja wa kujitafutia huku akifanya vibarua kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki. Zile nafasi 250,000 zilizotangazwa sana wakati wa kutiwa saini mkataba zilikanushwa na serikali ya Ujerumani yenyewe.

Ghuba ni kisa kingine. Milki za Kiarabu hutoa viza ya dhahabu ya miaka 10 kwa baadhi ya wataalamu, isiyohitaji mdhamini. Saudi Arabia ililegeza masharti ya kubadili mwajiri mnamo Machi 2021, ila ikawaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio Wakenya wengi waliko huko.

Kabla ya kuilaumu dunia, yafaa kukumbuka kwamba kibali cha kazi cha Kenya cha daraja la D humfunga mhandisi wa kigeni kwa mwajiri aliyemwombea, vivyo hivyo.

Kwa anayejiandaa kusafiri, wakala yeyote wa ajira hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na jina lake laweza kukaguliwa huko. Tangu Novemba 2021 Kenya, kwa ombi lake yenyewe, imo katika orodha ya Uingereza ya nchi ambazo wahudumu wa afya huajiriwa tu kupitia makubaliano ya serikali mbili, yaliyotiwa saini Julai mwaka huo. Muuguzi binafsi bado anaweza kujiombea kazi moja kwa moja. Wakala asiye katika mpango huo wa serikali haruhusiwi kumfuata nyumbani na kumpa nafasi, hata aje na barua yenye mhuri.